Kimono ya Mama Yake Bi Harue

Zuhura mwanangu,

Mambo ya safari ya Japani, koti zito, pasipoti, na kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua, mama yako ameshakuambia, na kesho atakuambia tena mpaka wamzuie pale wanapokaguliwa abiria. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimekaa jikoni, nyinyi mko chumbani mnabishana begi lifungwe vipi, na nakusikia unavyocheka. Siku zote ukicheka hivyo mimi huona raha. Leo inaniuma.

Najua barua hii utaisoma polepole. Hilo nalo ni kosa langu. Nilikuwa nakusemesha Kiswahili, unanijibu Kiingereza, nikaona sharp, tumeelewana, maisha yanaendelea. Sasa unasoma Kijapani kwa herufi zao zile zenye mikono na miguu, na barua ya baba yako itabidi uifuate kwa kidole. Ifuate hivyo hivyo. Nikikuandikia Kiingereza nitajificha nyuma ya makosa yangu ya Kiingereza, na nimeshajificha vya kutosha.

Nataka kukuambia habari ya ile kimono. Unadhani unaijua yote. Huijui.

Nianze nyuma kidogo. Ulipoanza kwenda kwa Bi Harue kila Jumamosi kujifunza Kijapani, nilisema ni mchezo tu, utachoka. Hukuchoka. Ulikuwa ukirudi unaviacha viatu mlangoni, jambo ambalo mama yako alikupigia kelele tangu ungali mdogo bila mafanikio, halafu unatusimulia mezani. Wanawake wa majumba ya kifalme ya kale, nguo juu ya nguo, mpaka mtu akaweza kumjua mwanamke kwa namna alivyozipanga rangi kwenye ncha ya mkono. Watawala waliofunga nchi wasitake mgeni. Watu wa panga walioambiwa siku moja kwamba habari ya panga imekwisha, tafuteni kazi. Wafanyabiashara waliokatazwa kuonyesha hariri mbele za watu. Mama yako alikuwa akikusikiliza mpaka wali unampoa. Mimi nilikuwa nauliza, "Na huyo mfalme wao alikula nini, pweza?" halafu nawasha redio.

Nilikuwa na wivu, Zuhura. Sina jina jingine la kuupa. Mwanamke mzee wa watu amekaa na mwanangu, anampa bibi zake na babu zake wote, na mwanangu anawapokea kwa mikono miwili. Mimi nina watu wangu Tanga na sijawahi kukupa hata mmoja. Hujui kwamba bibi yako, mama yangu mimi, alikuwa na kanga zilizotoka Japani. Zilikuwa na maandishi madogo ukingoni ya kusema zimetengenezwa huko, na alizipenda kuliko nyingine kwa sababu hazikuchuja rangi. Ningeweza kukuambia hilo siku yoyote ile tukiwa tunakula. Ungeruka kwa furaha. Sikusema, niliwasha redio.

Basi ndiyo ukaja na kimono nyumbani, imefungwa kwenye karatasi yake nyeupe. Ukaniambia ni ya marehemu mama yake Bi Harue. Amekuazima uivae siku ya kuagana na wanafunzi wenzako, kisha usafiri nayo ukamkabidhi mdogo wake kule Japani, maana ndiye utakayefikia kwake. Kwenye mkono mmoja uzi ulikuwa umefumuka. "Baba, naomba unishonee hapo tu," ukasema. Ukashika pale pale penyewe ukanionyesha, ukarudia, "Hapo tu."

Nikaenda nayo dukani, nikaitandaza kwenye meza ya kukatia. Mama Furaha, yule Mkongo wa saluni ya jirani, akachungulia na kitana chake mkononi. "Fundi, hii kanzu ni ya padri? Iko mukubwa sana." Nikacheka, nikamwambia ni ya Wajapani, watu wa magari hao, kushona hawajui.

Na kwa macho yangu ilichekesha kweli. Mishono yote ya mkono, mirefu, uzi mmoja laini ambao ukiuvuta unakufuata. Hakuna mkato wa kwapa, hakuna mkato wa kiuno, kila kipande kimenyooka kama shuka. Kiunoni kwa ndani kitambaa kimekunjwa na kushonewa humo humo, kingi, cha kumtosha mtu mrefu kuliko wewe. Halafu ile bitana. Nje nguo ina rangi ya majivu, imetulia, maua madogo meupe chini kwenye pindo. Ndani bitana ya hariri nyekundu inayowaka. Nikasema huyu fundi alikuwa na usingizi, kauweka uzuri ndani.

Na wewe ulishatueleza mezani kwa nini uzuri unawekwa ndani. Wale wafanyabiashara waliokatazwa fahari waliihamishia kwenye bitana, nje wakabaki wanyenyekevu. Ulieleza vizuri kabisa. Redio ndiyo iliyokuwa juu.

Nikashika mkasi. Fundi aliyenifundisha kazi kule Tanga alikuwa akituchekelea sana sisi vijana tuliozungukazunguka kitambaa na chaki bila kukata. Kwake mtu alianza kuitwa fundi pale mkasi unapoingia, na mimi nimeishi kwa hilo miaka yote. Nikachonga makwapa. Nikabana kiuno. Kile kilichokunjwa ndani nikakitoa, nikakikata, si wewe ni mfupi? Kingo zote nikazipiga zigizaga kwa cherehani ile ile ninayojisifia kwa wateja kwamba ni ya Kijapani. Bitana nyekundu nikaivuta nje, nikaizungushia shingoni na mikononi ili ing'ae. Na ikapendeza. Ungeivaa kwenye harusi yoyote hapa Yeoville au Johannesburg nzima, watu wangekuuliza fundi wako nani.

Sasa nikuambie ambalo hata mama yako halijui. Kabla mkasi haujaingia, mkono wangu ulishajua. Fundi akipapasa mkunjo anajua kama umekunjwa na mzembe au na mtu mwenye akili yake. Ule ulikuwa umenyooka sawasawa, mishono imelingana mwanzo hadi mwisho. Mtu yule hakusahau kukata. Aliacha. Nilisimama pale na mkasi nikijua kwamba ameacha kwa makusudi, na nikajisemea, basi na waone fundi wa Tanga anavyofanya kazi. Kwa hiyo usinitetee kwa watu kwamba baba hakujua. Sikujua sababu. Kwamba ipo sababu, nilijua.

Ulipofika jioni nilikuwa nimeining'iniza mlangoni, nikakuambia ufumbe macho. Ulipoyafumbua hukulia. Uliishika kiunoni, ukaingiza vidole ndani ukapapasa huku na huku, halafu ukaniuliza, "Kilichokuwa humu kiko wapi?" Kiingereza chote kilikutoka. Uliuliza kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha bibi yako.

Ukanieleza kwa sauti ya chini, na siku hiyo redio haikuwepo. Kwamba kimono haikatwi namna ile. Ikichafuka inafumuliwa yote, vipande vinaungwa virudi kuwa jora moja kama lilivyotoka kwa mfumaji, linafuliwa, linanyooshwa, linashonwa tena. Ndiyo maana ya mishono mirefu. Kilichokunjwa ndani kinawekwa kwa ajili ya atakayeirithi, huenda akawa mrefu. Na kwamba hii, ambayo mama yake Bi Harue alikuwa akiifumua na kuishona mwenyewe, imepona vita. Baada ya vita mjini kwao hakukuwa na chakula, mama yake Bi Harue akawa anabeba nguo zake moja moja mpaka mashambani, anarudi na mchele au viazi. Zote zikaisha hivyo. Hii ndiyo aliyoshindwa kuitoa.

Mtu mzima mwenye akili angekaa chini hapo. Mimi nilipandisha mori. Nilisema hao Wajapani wako wangekuwa wanajua kushona wasingevaa mashuka. Nilisema unanionea haya, umeshajaa wafalme na mashujaa wa watu, fundi wa Yeoville hakutoshi tena. Mama yako akasema, "Baba Zuhura, basi." Sikuacha. Wewe ukangoja nimalize, ukasema, "Baba, twende wote kwa mwalimu." Nikajibu kwamba mimi sipigi magoti kwa sababu ya kitambaa.

Ukaikunja, ukairudisha kwenye karatasi yake, ukatoka. Nilikuangalia dirishani ukivuka pale kwenye robot, zile taa za barabarani, umeibeba mbele yako kwa mikono yote miwili. Taa ilikuwa inaruhusu watu, na bado ulitazama kulia na kushoto kama nilivyokufundisha. Nilikaa pale dirishani muda, hasira ikiniishia, nikajua kwamba ningeweza kukukimbilia. Ulikuwa hujafika hata kwenye kiduka cha spaza cha Wasomali. Sikwenda.

Uliporudi sikukuuliza ulichomwambia. Siku ya kuagana ulivaa gauni lako la kawaida. Tukawa tunaishi humu ndani kama wapangaji, tunapishana bafuni.

Halafu Jumatatu hii Bi Harue akaja dukani. Hilo unalijua, maana kimono ilirudi mikononi mwangu. Yaliyosemwa huyajui.

Alifika kwa teksi, na magoti yake yale, akasimama mlangoni akainama. Mwanamke mzee kuliko mama yangu, akaniinamia mimi mbele ya wateja. Mama Furaha akatoka mbio na kiti. "Karibu maman, ikala." Akakaa, akashukuru, akaanza kwa Kiingereza chake cha polepole. Akasema anaona haya kwamba ameniletea taabu nyumbani kwangu.

Nikafikiri amekuja kunisuta kistaarabu. Kumbe sivyo. Akaniambia ulifika kwake jioni ile, ukapiga magoti sakafuni, ukaweka paji la uso chini, ukamwambia, "Nimeikata mimi. Nilitaka ipendeze." Alikuamini. Anajua unashinda dukani kwangu, anajua cherehani unaijua.

"Nimekuja kukuomba usimkasirikie," akasema. "Ni kijana. Asisafiri na hasira ya baba yake."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikaitoa, nikaanza kutafuta pa kuichoma, kumbe mto wa pini ulikuwa mbele yangu.

Akaendelea. Akasema wewe umefanya ambalo yeye lilimshinda. Alipokuja Johannesburg zamani za ubaguzi alikuwa ndiyo kwanza ameolewa, mumewe kaletwa na kazi. Wajapani, kwa ajili ya biashara, walikuwa wakihesabiwa kama Wazungu kwenye mambo mengi. Siku moja akaingia duka la mjini na dada aliyekuwa akimsaidia kazi za nyumbani, mtu wa hapa hapa. Yeye akahudumiwa vizuri, akaitwa madam. Yule dada akatolewa nje, na mvua inanyesha. "Nikanunua nilichokuja kununua," akasema. "Nilimwona kupitia kioo, analowa. Nikanyamaza, na nikaendelea kunyamaza mpaka amekufa. Zuhura alikuja siku hiyo hiyo akasema ni mimi. Umelea vizuri."

Umelea vizuri. Aliniambia hivyo, mwanangu, na mimi nikasema asante.

Sikusema ni mtu mwingine. Sikusema hata sijui. Nilisema asante, na nikaongeza kwamba watoto wa siku hizi wana haraka. Eish, Zuhura. Nilijisikia nikilisema na sikuweza kulirudisha.

Mama Furaha alikuwa amesimama pale pale. Aliniona nikiikata kwa macho yake mwenyewe. Aliniangalia mpaka nikatazama chini, akarudi kwenye nywele za wateja wake. Tangu siku hiyo haniiti fundi. Ananiita monsieur, kama mtu baki.

Kisha Bi Harue akaitoa kimono kwenye mkoba, akaiweka mezani pangu, akaniuliza kama mimi, kwa kuwa ni fundi, ningeweza kurudisha kinachorudishika. Kwa mkono, akaomba, kwa mishono inayofumulika. Akanionyesha kwamba kiunoni si tatizo kubwa, hata mama yake aliwahi kuunga pale, mshipi wao ule mpana unafunika. Makwapani pataonekana, hakuna la kufanya. Aliinuka, akaniinamia tena, akaondoka. Nilipomsindikiza kwenye teksi aliniambia ameshamwandikia mdogo wake. Amemweleza kwamba msichana anayekuja ndiye aliyeikata, ila amekiri mwenyewe, kwa hiyo ampokee kwa upole.

Vipande vilikuwepo kwenye gunia la mabaki. Kimoja Mama Furaha alishakifunga kichwani, akakivua na kunikabidhi. Nikaanza kufumua zigizaga zangu. Sijawahi kuchukia kazi yangu nzuri kama nilivyoichukia ile. Hariri inakumbuka kila tundu la sindano. Nilikuwa nashona, nikifika mwisho wa mshono naona umepinda kuliko wa yule mama wa zamani, nafumua, naanza upya. Yeye alishona na njaa ikiwa mlangoni na bado mkono wake ulinyooka.

Wewe ukaniona. Juzi ukaja ukakaa sakafuni karibu na mguu wangu kama ulipokuwa mdogo ukiokota vifungo, ukaegemeza kichwa, ukasema, "Asante baba. Najua haikuwa rahisi kumwambia."

Nikakujibu, "Haya, kalale."

Ulidhani nilimwambia. Uliona kimono iko kwangu, umeniona nashona kwa mkono, ukajumlisha kama mtoto anayempenda baba yake. Na mimi nikapokea asante ya pili, juu ya ile ya kwanza. Ningekuacha upande ndege na dhana hiyo, ungefika kule, yule bibi angekushika mkono na kukuambia yamekwisha, hakuna neno, sote tunakosea ujanani. Ungeelewa pale pale, ugenini, huna hata pa kukaa ukalia. Toka juzi naiona sura yako katika dakika hiyo.

Sijakuuliza kwa nini ulijitwika. Nadhani najua. Hukutaka jina la baba yako liwe baya ndani ya nyumba ile. Nakushukuru, na nakuomba usimfanyie mtu hivyo tena kamwe, wala mimi, wala mume, wala bosi. Nimejifunza jinsi inavyokuwa upande huu. Uongo wenyewe sikuutunga mimi, nilikuta umeshatandikwa, nikaukalia. Ulikuwa laini mno. Mtu anaweza kuukalia mpaka afe na kila siku akapewa chai.

Huko uendako utakosea, utavaa visivyo, utakanyaga pasipokanyagwa, hilo si kitu. Ila ukishika kitu cha watu na mkono wako ukakuambia kina sababu, uliza kwanza. Ukiona aibu kuuliza, kumbuka tu baba yako na mkasi wake. Na ukipata nafasi, waulize wazee wa huko ni kina nani waliokuwa wakichapa kanga za kuleta kwetu, na nani aliwachorea yale maua. Bibi yako alikuwa akijiuliza hivyo kila alipozianika. Alikuwa akiitwa Mwanahawa, alikuwa mfupi kama wewe, na hakupenda mtu aguse kanga zake kwa mikono yenye mafuta. Ningekupa mengine, muda nimeula mwenyewe.

Kesho tukitoka hapa hatuendi moja kwa moja uwanja wa ndege. Nimeshamwambia mwenye gari tutapita kwa Bi Harue. Kimono nitaibeba mimi. Nitamwomba ampigie mdogo wake simu nikiwa nimekaa pale pale, na amwambie ni nani. Wewe utabaki garini na mama yako, na usishuke hata ukiona nachelewa. Barua hii naipenyeza chini ya mlango wenu sasa hivi, mkingali mnacheka, nisije nikapata usiku mzima wa kubadili mawazo.

Ni mimi niliyeikata.

Baba yako